Sista Aliyeogopa Miguu Isiyouma

Mtu akikutana na Sista njiani, miguu yake ndiyo iliyosalimiwa kwanza. Macho ya Sista yalishuka, yakapita vidoleni, yakazunguka kisigino, ndipo yakapanda usoni na mdomo ukauliza habari za nyumbani. Sisi wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, tulishazoea. Wageni walidhani wamekanyaga uchafu, wakainua viatu kujitazama.

Alikuwa nesi katika kliniki ya mtaa, na siku zile kila nesi aliitwa Sista, hata akiwa na wajukuu. Alikuwa Mwislamu wa Pwani. Kwetu tulikuwa Wakristo wa Murang'a, na mlango wake ulifuatana na wetu, kwa hiyo harufu ya uji wetu iliingia kwake na ya mahamri yake ikaingia kwetu. Alisema Kiswahili kilichonyooka hata kikatufanya sisi, tuliochanganya kila lugha tuliyoikuta barabarani, tujihisi tuna matope mdomoni. Nilimjua nikiwa msichana wa shule, na niliendelea kumjua nilipoanza kazi ya cherehani katika soko la Jericho.

Katika kliniki alipewa chumba cha kufunga vidonda. Nesi wengine hawakukipenda, kwa harufu yake na kwa kuwa mgonjwa wa kidonda harudi kesho amepona. Anarudi na kidonda kile kile, kimepungua kidogo au kimezidi kidogo, na wewe unaanza upya. Waliokuja kwake walikuwa wazee wa ugonjwa wa sukari, watu waliopooza upande mmoja, na wachache waliowahi kuugua ukoma, wakatibiwa, wakabaki na nyayo zisizohisi kitu. Wote aliwaita watu wa ganzi. Alikuwa na msemo aliowaambia kila mara, na sijausikia kwa mtu mwingine: "Mguu unaolia una mwenyewe. Usiolia ndio wa kuliliwa."

Kitu nilichochelewa kukielewa kwake ni kwamba aliishi na hofu. Alikuwa na sauti ya kuamrisha na mikono isiyotetemeka, na damu haikumtisha. Lakini akiona karai la maji linatoa mvuke karibu na mzee, sura yake ilibadilika. Akiona jiko limewekwa mlangoni, watu wameketi wakiota moto na miguu imenyooshwa, alisimama, hata kama alikuwa ameshika kikapu kizito, akaanza kuuliza nani kati yao ana sukari, nani hahisi vidole. Watu walimwona mdaku. Mama alisema Sista anatembea mtaani kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni.

Masharti yake tuliyajua kama nyimbo za Jumapili. Maji ya kuoga ya mtu wa ganzi yapimwe kwa kiwiko, na yapimwe na mtu mwingine, kwa kuwa mguu wake mwenyewe ni shahidi wa uongo. Maji baridi yatangulie karaini, ya moto yafuate. Asitembee bila viatu mchana wa jua, kwa sababu lami ya Jogoo Road inaweza kumchuna wayo naye anaendelea kusimulia hadithi. Akipanda basi asiweke miguu karibu na injini. Kabla ya kuvaa kiatu akikung'ute, atie mkono ndani. Kila jioni nyayo zake zitazamwe chini ya taa, na kama hawezi kuzigeuza, atazamiwe.

Na mwenyewe je? Viatu vyake vya kwenda mjini vilikuwa vyembamba mbele kama mdomo wa ndege, vyenye kisigino kirefu. Vilimtoa sugu zilizomfanya ashuke ngazi za kliniki kwa upande. Chai yake ilikuwa na sukari mpaka kijiko kikanata, na aliinywa huku akimwonya mgonjwa juu ya soda. Nilipomuuliza aliniambia miguu yake inauma, Alhamdulillahi, na siku itakapoacha kuuma atavitupa viatu. Na huyu mwoga wa jiko alikuwa akikaanga mahamri amechutama, pindo la leso likining'inia karibu na makaa, hadi mama yangu alikuwa akikatiza mazungumzo yake, akatoka kwetu na kwenda kuivuta leso ile nyuma, akarudi.

Nisimulie habari ya muuza makaa. Pembeni mwa mtaa wetu alikaa mzee aliyeuza makaa kwa debe. Alikuwa maarufu kwa jambo moja: kaa la moto likianguka kutoka kwenye jiko lake, alilirudisha kwa vidole vya mguu. Alilishika kabisa kama mtu ashikavyo kalamu, akalitupa ndani. Watoto walipiga makofi. Watu wazima walisema mzee yule amepewa kitu na babu zake, na wapo waliomheshimu kwa hilo tu, wakamwachia nafasi kwenye foleni ya maji.

Jioni moja nilikuwa natoka sokoni pamoja na Sista, tukamkuta akifanya kioja hicho mbele ya wateja. Watoto wakacheka. Sista hakucheka. Alinishika mkono juu ya kiwiko na kunifinya mpaka nikaumia. Kisha akangoja. Aliwangoja wateja wachukue makaa yao waondoke wote, nami nikiwa sijui tunangoja nini. Walipokwisha kuondoka alichutama mbele ya mzee, akamsalimia shikamoo, akamwomba afumbe macho. Alichomoa njiti kwenye ufagio wa mzee akamgusa nayo wayoni, hapa na pale, akimuuliza kila mara kama anahisi. Mzee alijibu ndiyo wakati njiti ilikuwa hewani, na alinyamaza ilipokuwa juu ya ngozi yake.

Alipofumbua macho, alituangalia kwa zamu. Nadhani alikuwa anajua siku nyingi. Alimwambia Sista kwa sauti ya chini kwamba kama habari hii itajulikana, hakuna atakayenunua makaa aliyoyashika, watu watasema ni ukoma. Sista hakumwambia ni ukoma wala si ukoma. Alimwambia aje kliniki kama mtu aliyejikata na shoka, na kwamba mlango wa chumba chake hufungwa. Njiani kurudi nyumbani aliniambia nikimtaja mzee yule kwa mtu yeyote, yeye na mimi hatutajuana tena. Sikumtaja hadi leo, na leo amekwisha kufariki. Alikwenda kliniki. Baada ya hapo alivaa viatu vya kufunika, akanunua koleo, na watoto wakasema mzee amezeeka, nguvu zake zimemtoka. Sista alipowasikia alipita bila kugeuka.

Sasa nifike kwa baba yangu, kwa kuwa hapo ndipo nilipomjua Sista kweli.

Baba alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka mingi, akienda na kurudi Viwandani kwa miguu, na alijivunia miguu yake kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Alisema imemzungusha Nairobi bila kumdai nauli. Alipostaafu aligunduliwa ana sukari. Ganzi ilianza vidoleni. Mwanzoni alisema anahisi kama amevaa soksi wakati hajavaa. Baadaye aliacha kusema, na sisi tukadhani imekwisha. Sista ndiye aliyejua kuwa ukimya ule si kupona. Alikuja jioni, akageuza nyayo za baba chini ya taa, baba akitazama ukuta kama mtu anayenyolewa na kinyozi asiyemwamini.

Mwezi wa Julai wa mwaka ule baridi ilikuwa kali, ile ya Nairobi inayoingia mifupani na jua halionekani siku nyingi. Sista alimwambia baba, mbele yetu sote, asiache miguu yake ipatwe na baridi. Alisema hivyo akiwa mlangoni, ana haraka ya kwenda kazini. Baba aliitikia. Na baba, kwa mara ya kwanza, alitii neno la Sista kwa moyo wote. Mama alipotoka kwenda kanisani kwa mkutano wa akina mama, nami nikiwa sokoni, alivaa soksi nene za sufu, akaliingiza jiko chumbani, akaketi kitini, akanyoosha miguu akalala.

Mama aliporudi alisikia harufu ya sufu inayoungua. Alimkuta baba yu macho, mtulivu, akamwambia leo amepata joto zuri. Kwa chini, soksi moja ilikuwa imebadilika rangi na kugandamana. Mama alitaka kuivuta. Jirani wa upande wa pili alikwisha kuingia, akasema mguu upakwe dawa ya meno, mwingine akaleta yai. Mama aliniambia baadaye kuwa kilichomzuia ni kwamba alisikia sauti ya Sista kichwani ikimkataza. Alimwita mtoto wa jirani akimbie kliniki.

Nilifika karibu wakati mmoja na Sista. Alikuja ameshika viatu mkononi, viatu vile vyembamba, akikimbia na soksi za kazini juu ya mawe. Hakumkaripia mtu. Aliuliza imepita muda gani, na hakuna aliyejua, hata baba mwenyewe hakujua, na nilimwona akifumba macho kidogo kwa jibu hilo. Jiko lilitolewa nje. Alimimina maji ya bomba, baridi ya kawaida, juu ya mguu, akaendelea kuyamimina muda mrefu, tukipokezana ndoo kutoka bombani. Soksi ilipolowa kabisa aliikata kwa mkasi kipande kwa kipande, na pale iliposhikana na ngozi aliiacha, akakata kuizunguka. Kulikuwa na malengelenge upande wa kidole kidogo, na kisiginoni palikuwa na kipande cheupe, kikavu. Mimi nilitishwa na malengelenge. Yeye alitazama pale peupe.

"Hapa unahisi, Baba Wambui?" alimuuliza, akimwita kwa jina langu kama kawaida.

Baba alisema hahisi kitu, kwa hiyo haiwezi kuwa mbaya.

Sista aliufunika mguu kwa kitambaa safi, akatuma gari litafutwe la kumpeleka hospitali kubwa. Tulipokuwa tukingoja aligeuka kwetu, mama na mimi, akasema jambo ambalo sikutegemea kulisikia kwa mtu mwenye cheo chake.

"Mimi ndimi niliyemwambia asipatwe na baridi. Sikumwambia ajipashe joto kwa kitu gani. Nilisema nusu."

Mama alimwambia asijilaumu, mzee ni mkaidi. Sista alijibu kwamba safari hii mzee hakuwa mkaidi, alitii, na hilo ndilo linalomuuma.

Hospitalini daktari alisema kisigino kinaweza kupona au kinaweza kuoza, na kikioza mguu utakatwa chini ya goti. Alitaka wiki kadhaa za kusubiri na kutazama. Sijui kama nimewahi kuishi na hofu kama ile ya kusubiri. Kila siku mtu alifunua bendeji, nasi tukasoma uso wake. Baba aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Sista aliomba ruhusa ya kumfunga kidonda yeye mwenyewe, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi. Alikuja hata siku za Idi, akiwa na hina mikononi.

Alichofanya si cha ajabu. Aliosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, akapangusa, akatazama, akanusa, akafunga. Alikuwa akinusa sana. Aliinamisha pua karibu na kisigino cha baba kama mwanamke anayenusa maziwa kujua kama yameharibika, na sisi tulishikilia pumzi mpaka ainuke. Akiinuka bila kusema kitu, mama aliweka chai. Siku moja aliinuka akanusa tena, na baba akarudishwa hospitalini siku ile ile, na huko kidole kidogo kikakatwa. Baba alilia. Sijawahi kumwona akilia kabla ya hapo, na alikuwa akililia kidole ambacho hakukihisi tangu zamani.

Vita vyao vikubwa vilikuwa juu ya kukanyaga. Mguu ulitakiwa kukaa juu ya kibao, kisigino kisiguse kitu. Baba aliona ni upumbavu, kwa sababu haukuwa unauma. Rafiki zake walicheza drafti karibu na duka, na alisikia vizibo vya soda walivyochezea vikigongwa ubaoni. Mara mbili Sista alimkuta huko, amesimama, anabishana. Mara ya kwanza alimrudisha kwa maneno. Mara ya pili aliketi chini kwenye vumbi, na sare yake nyeupe, akafungua bendeji mbele ya wale wazee na kuwaonyesha damu iliyopenya. Kisha akamwambia baba:

"Maumivu yalikuwa mlinzi wako. Mlinzi amekufa. Sasa ni mimi, mkeo na binti yako tunaolala mlangoni. Usitutoroke."

Wale wazee ndio waliomrudisha baba nyumbani, wamembeba kwa kiti. Tangu siku hiyo walileta drafti kwetu, wakajaza chumba kwa moshi wa sigara na kelele, na mama akavumilia.

Kisigino kilichukua muda mrefu, hadi Julai nyingine ikakaribia. Kiliziba kutoka pembeni, kikawa kama shilingi, kisha kama kifungo cha shati. Kilipofika hapo kikakataa kusonga, na katika hali hiyo Sista alihamishwa kwenda kliniki ya upande mwingine wa mji, na muda si mrefu akastaafu akarudi Pwani. Siku ya kuhama mtaani alimfunga baba mara ya mwisho, akanishika mkono, akanifundisha tena kila kitu nilichokwisha kukijua, kutoka mwanzo. Tangu ajali ile alikuwa amebadilika katika kuagiza. Hakukubali tena mtu amjibu "sawa." Alimtaka mgonjwa arudie maneno yote kwa kinywa chake, pamoja na sababu, naye akasikiliza kwa wasiwasi kama mwalimu anayesikia mtoto akisoma karibu na ukurasa mgumu. Wagonjwa walichoka naye. Wengine walihamia kwa nesi mwingine. Hakujali, au alijali na akaendelea.

Kwa hiyo siku ile alinifanya niyarudie maneno yake mpaka teksi ikapiga honi. Baba alimwambia nenda mama, umetuchosha. Alisema kwa Kiswahili chake kibovu, akimshika mkono wake kwa mikono yote miwili, na hakuuachia upesi.

Miaka ikapita. Habari zake zilikuja kwa vipande, kisha hazikuja. Baba aliugua mapafu katika mvua za masika, akafariki hospitalini. Tulimzika Murang'a. Sikuwa na njia ya kumpasha habari Sista.

Nilikutana naye mara ya mwisho mwishoni mwa miaka ya themanini. Mpwa wake alikuwa amepanga nyumba Jericho, akamleta Nairobi atibiwe macho, na mteja wangu mmoja akanitajia kuna bibi wa Pwani anayeulizia watu wa Mbotela. Nilifunga cherehani mapema nikaenda, mchana kweupe. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha kamba, amejifunika leso, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili. Nilimsalimia shikamoo, akanijibu, akanivuta akapapasa uso wangu, akanitambua kwa sauti.

Tuliongea juu ya mama, juu ya mtaa, nani amehama, nani ameolewa. Alicheka mara moja au mbili. Lakini niliona vidole vyake vinasokota pindo la leso, vinaachia, vinasokota tena, na nikajua kuna swali analolizunguka. Kwanza nilimpa habari ya msiba, kwa kuwa hakuwa amesikia. Alimwombea baba rehema. Halafu akaniuliza aliugua nini, nami nikamwambia ni mapafu.

"Si mguu?"

Nikamwambia si mguu.

"Na kile kisigino, mwanangu? Nilikiacha na kidogo. Kilifunga?"

Nilimweleza jinsi kilivyofunga miezi michache baada ya yeye kuondoka, jinsi mama na mimi tulivyokitazama kila jioni hatuamini, na kwamba baba alitembea juu yake miaka, amevaa viatu vipana, akaenda nacho mpaka kwenye drafti na mpaka kanisani. Nilimweleza kwamba wanaume waliomwosha maiti kule nyumbani walituambia alama ilikuwa laini, ngozi nzima.

Sista alitoa pumzi ndefu, akaegemea kiti. Nikadhani amesinzia. Mpwa wake alikuja na chai akaiweka, akaondoka. Kisha akageuza uso wake upande wangu, macho yale meupe yakinitafuta, akaniuliza tena, taratibu, kama mtu ambaye hakusikia vizuri mara ya kwanza, kama kilifunga.

Nikasogeza kiti changu karibu, nikamwambia tena yote, tangu mwanzo.